Mume wa Kati wa Uwanda

Mwenye nafasi avute kigoda. Mwenye haraka apite zake, hatumlaumu, kwani habari za Uwanda hazina njia ya mkato.

Neno lilimfikia Ngwali asubuhi, jembe begani, umande bado haujakauka kwenye magugu. Aliyelileta alikuwa shemeji yake Faki, kaka wa mkewe na mkubwa wa Baraza la mji, mtu mzito wa kauli na mwepesi wa miguu, ambaye hakuwahi kukanyaga shamba la mtu ila alipokuwa na jambo la kuomba. Ngwali alimwona tangu mbali akiruka matuta kama kuku aliyelowa, kanzu kaishika kwa mikono miwili, akajua kabla hajasikia.

"Wanataka kurudi," alisema Faki, pumzi juu juu.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, shemeji. Wenye Kofia."

Ngwali alipalilia shina moja la mtama, akapalilia na la pili. La tatu alilikata.

"Basi warudi. Nchi kubwa hii."

"Hawaitaki nchi. Wanamtaka Uwanda."

Katika mji ule, ambao ramani zote ziliupita kama mgeni anavyoipita nyumba yenye mbwa mkali, ardhi ni mke. Si kwa kufananisha. Ni mke. Anayempa mgeni kiwanja amemwoza, na siku ya kukabidhiana hupikwa pilau na vigelegele vikapigwa. Mgeni akikorofisha, hupewa talaka. Ya kwanza ina marejeo, na ya pili ina marejeo: ataomba radhi, ataleta vitambaa na sukari, atarudi. Ya tatu ndiyo mwamba. Baada ya hiyo hawezi kumrudia mke yule mpaka kwanza aolewe na mtu mwingine, alimwe, apandwe, alaliwe usingizi wa kweli. Kisha mtu huyo amwache kwa ulimi wake mwenyewe, bila kushikiwa fimbo wala kufungiwa mlango. Huyo huitwa mume wa kati. Cheo chake hakina kiti. Ni kama daraja, watu hulikumbuka likivunjika.

Wenye Kofia walikuwa wamekaa na Uwanda, ardhi tambarare ya pembezoni mwa mji, mvua ishirini na saba, ndiyo miaka kwa hesabu ya kule. Walikuja na kofia zao ngumu na ndege zao za kijivu, wakamvika lami tangu kichwani hadi miguuni, wakamzungushia waya wenye miiba, wakasema hayo yote ni mapenzi. Mji uliwapa talaka ya kwanza kwa sababu ya kisima walichokitia ndani ya waya. Wakaomba radhi. Ya pili ilikuwa kwa sababu ya njia ya makaburini, kwani maiti walikuwa wakisimamishwa langoni kuulizwa vitambulisho. Wakaomba radhi. Ya tatu haikutajiwa sababu. Watu walisimama tu, mji mzima, wanaume kwa wanawake, wakawatazama siku tatu bila kusema kitu, na siku ya nne saa tatu na dakika kumi za asubuhi Wenye Kofia wakapanda ndege zao wakaondoka. Hiyo ndiyo iliyoshika.

Hapo Baraza likamtafuta mume wa kati, kwa akili ya wazee wanaofunga mlango huku mguu mmoja wameuacha nje. Wakamchagua Ngwali kwa sababu alikuwa mtu wa njia. Alikuwa ameshaishi kila mahali na hakuna mahali alipokuwa na kiti chake. Akasomea chuo hiki miezi miwili, skuli ile mwezi mmoja. Akachunga, akapika, akabeba. Mkewe Mize alikuwa ameshafunga mizigo mara saba tangu aolewe. Wazee wakasema: huyu atakaa misimu miwili, miguu itamwasha, atamwacha Uwanda bila kuombwa, nasi tutakuwa tumeshatimiza sheria. Mvua kumi na tisa zilikuwa zimepita, na miguu ya Ngwali haikuwasha.

"Neno moja tu, shemeji," alisema Faki. "Hata si sentensi."

"Wanarudi kufanya nini?"

"Kutulinda."

"Na nani?"

"Na atakayekuja."

"Nani atakayekuja?"

Faki alijikuna shingo. "Atakayekuja akisikia wao wapo."

"Basi wasije, naye asije, sote tupumzike."

"Ndiyo maana hukupewa uzee wa Baraza," Faki alisema, sasa amekasirika kidogo. "Wewe unafikiri dunia ni shamba. Sikiliza. Ng'ambo ya mto wameshafagia uwanja wao. Wameupaka na chokaa. Wametandika mikeka! Watu wale, Ngwali, watu wasiojua hata kuunga mchuzi, waamke na taa za buluu, na mabomba ya maji moto, na watoto wao wafundishwe kupiga matarumbeta, sisi tukae huku na vibatari tukiwachungulia? Mimi nitakufa. Nakwambia nitakufa na jicho wazi."

Basi hapo Ngwali alijua kwamba ugonjwa wake wa siku zote, wivu, haukuwa wake peke yake. Mji mzima ulikuwa na wivu. Ulimwonea wivu jirani kwa jambo ambalo jirani hajalipata, tena jambo ambalo wenyewe walilikataa.

"Lini?"

"Mjumbe wao anafika kesho. Adhuhuri, bwaloni. Na kumbuka, sikukuomba. Desturi inakataza kuombwa. Mimi nimepita tu kukusalimu."

Akaruka matuta akarudi mjini.

Nyumbani Mize alikuwa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Hakuinua uso.

"Nasikia mke mwenzangu kaposwa."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yangu akinong'ona husikika mpaka kisimani." Alirusha chuya moja kwa kuku. "Na wewe utamwacha?"

"Sijui."

"Hujui." Alicheka kwa pua. "Mwaka wa kwanza nilijiambia, atamchoka, huyu huchoka. Wa tatu nikasema ni kazi tu, mwanamume na kazi yake. Mwaka wa kumi nikakufuata. Nikakukuta umelala juu yake kifudifudi, sikio chini, mchana kweupe, hata haya huna. Nikarudi nikapika. Ukaja, ukala, ukasema chumvi imezidi." Ungo ulisimama. "Chumvi sikuzidisha, Ngwali."

Ngwali alilikumbuka lile.

"Nilikuwa namsikiliza," alisema baadaye. "Huunguruma. Bado huunguruma, Mize, kama wakati wa ndege zao. Nilitaka kujua kama atanyamaza."

"Mimi hujaniwekea sikio hata siku moja. Labda ningeunguruma."

"Usifanye mzaha."

"Ninacho kingine? Kila mtu ana wivu wake na chakula chake. Ila nikwambie kitu, baba. Wewe humpendi yule. Mwenye kupenda hulala usingizi. Wewe unalinda. Unamlinda asichukuliwe na mtu aliyeondoka zamani, na mimi nakulinda wewe na kitu kisichokuwa na miguu. Tazama tulivyo. Askari wawili, na waya hatuna."

Akaurudia ungo wake, na mchele ukaruka na kuanguka.

Alasiri ile Ngwali alikwenda Uwandani, lakini Uwandani hapakuwa alasiri. Tangu siku ile ya kuondoka, jua la pale lilikwama kwenye saa tatu na dakika kumi. Ukivuka waya uliooza, mchana wa watu unaubandua kama shati na kuuacha nyuma. Mbele yako ni asubuhi ile moja, isiyopanda wala kushuka, na vivuli vilivyolala virefu upande wa magharibi. Na umri wa mtu pale haukuwa mali yake. Mwanzo wa lami Ngwali alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu. Katikati, penye nyufa ambamo mtama ulijipenyeza, alikuwa na umri wake. Mwisho wa lami alikuwa mzee sana, mkono unatetemeka, na majina ya watu yanamponyoka. Aliyatembea hayo yote kila siku, kwenda na kurudi, jembe begani. Watu wakidhani analima, kumbe alikuwa anazeeka na kuzaliwa upya, tuta kwa tuta, akitafuta ni katika umri gani Uwanda angemwona yeye.

Kwani kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata Mize. Kivuli chake pale kilikuwa na kofia.

Yeye alikuwa kichwa wazi. Hakuwahi kuvaa kofia ndani ya waya ule, wala kilemba, wala jani la mgomba siku za mvua. Lakini kilipolala kivuli chake juu ya lami, kililala na kofia ngumu yenye ukingo, na mabega yaliyonyooka ambayo Ngwali hakuwa nayo. Akiinama, kivuli kiliinama kwa taratibu, kama mtu anayepokea amri. Akilia, na siku moja alilia, kivuli kilipiga saluti. Mvua kumi na tisa za kulima na kupanda, na kila alipomtazama mkewe wa udongo kutoka juu, Uwanda aliyemtazama kutoka chini alimwona mtu mwingine.

Akapiga magoti katikati ya lami.

Nimekulima.

Nimekutoa risasi mwilini, moja moja, kama mtu anavyomtoa mwenziwe miiba. Na bado.

Walikunyima pumzi chini ya lami, mimi nikakupasulia. Na bado. Mtama wangu mwenyewe unasimama juu yako mistari mistari, shingo moja, kama unangoja kukaguliwa. Karanga zangu, nikizing'oa, zimejipanga.

Uliza basi. Uliza tu jina langu.

Uwanda aliunguruma chini kwa chini, sauti ile ya kitu kizito kinachokaribia kuruka na hakiruki.

Ni nani mwenye kitu? Ngwali aliwaza, paji la uso likiwa juu ya lami vuguvugu. Ni aliyekigusa kwanza, au aliyekigusa mwisho, au ni yule ambaye kitu chenyewe humkumbuka kikiachwa peke yake? Aliyepita nchi nyingi kama yeye alikuwa ameona watu wenye hati za karatasi na hawajui rangi ya udongo wao, na watu wanaoujua mpaka ladha yake na hawana hata pa kuzikwa. Hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni jingine. Kwamba mtu aweza kukudhulumu kwa mvua ishirini na saba na akabaki ndani yako, na mwingine akakutibu kwa mvua kumi na tisa na asibaki. Kwamba jeraha lina kumbukumbu kuliko dawa. Ikiwa ndivyo, mji ukitawaliwa vibaya utamkumbuka mtawala kwa mapenzi, na mtoto atakayefunguliwa waya ataulizia waya. Na yeye Ngwali je? Ni kitu gani kilikuwa kimemtawala vibaya kiasi hicho, mpaka akasimama mahali pamoja mvua kumi na tisa, yeye aliyekuwa mtu wa njia?

Jibu lilikuwa limelala mbele yake, refu, lina kofia.

Nikikuacha, utakuwa wao. Nisipokuacha, utabaki wangu ukiwaota wao. Nichague lipi, mwanamke wewe? Sema lipi halina maumivu.

Akainuka, akavuka waya, na alasiri yake ikamrudia mabegani, imepoa.

Bwalo la kambi ya zamani, lililojengwa nje ya waya, lilikuwa halina paa tena, lakini meza ndefu ya chuma ilikuwa bado imekazwa sakafuni, na hapo ndipo Baraza lilipokutania, adhuhuri ya siku ya pili. Wanaume walijaza upande wa meza. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, kwenye majiko yaliyoota kutu, Mize akiwa mbele. Faki alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, na jasho lilikuwa linamtiririka kwa heshima zote mbili.

Ngwali hakulala. Alikuwa amejitayarisha kumwona mpinzani wake: mwanamume wa miraba minne, sauti nzito, mtu ambaye mke angeweza kumkumbuka. Alikuwa amejitayarisha kumchukia mpaka mifupa. Akaletewa karani.

Mjumbe alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, kichwa wazi, kofia yake kaitia mfukoni isichafuke. Lugha ya mji aliijua. Ilikuwa imenyooshwa kwa pasi, haina kunyanzi hata moja. Aliwasalimia wote, akauliza hali ya mvua, akakaa.

"Kijana," alisema Ngwali. "Kabla ya mengine. Unamkumbuka?"

"Nani, mzee wangu?"

"Uwanda."

Mjumbe alitabasamu kwa adabu. "Walipoondoka wakubwa wangu, mimi sikuwa nimeanza kutembea."

"Baba yako basi. Alikuwa hapa?"

"Baba alikuwa anauza viatu, mzee wangu."

Watu wakacheka. Ngwali hakucheka. "Lakini kwenu wanamtaja. Kuna wimbo. Kuna mtu mzima mmoja, akiwa peke yake jioni, anamtaja."

Kijana aliona kwamba anatakiwa kutoa kitu, akafungua faili lake, akasoma. "Mahali Namba Arobaini na Moja. Urefu wa njia, hatua elfu mbili na mia nne. Udongo, mgumu. Upepo, wa kusini. Wenyeji, wakarimu."

"Endelea."

"Ni hayo tu."

"Arobaini na moja," alisema Ngwali taratibu. "Kwa hiyo wapo wengine arobaini."

"Kwa jumla ni sitini na mbili, kwa sasa."

"Sitini na mbili!" aliropoka mzee mmoja upande wa mlango. "Lahaula! Hata masultani walikuwa na kiasi!"

"Na wote anawatosheleza?" aliuliza mwanamke kwenye mikeka, na upande mzima wa jikoni ukaangua kicheko, na Faki akapiga meza kwa kiganja, "Adabu! Adabu mbele ya mgeni!"

Ngwali alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyevuliwa nguo. Mvua kumi na tisa alikuwa ameshindana na mtu, akakonda kwa ajili ya mtu, akamnyima mkewe sikio kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe hakuwapo. Palikuwa na mstari mmoja wa karatasi, baina ya arobaini na arobaini na mbili. Ungedhani wivu wake ungekufa pale, umekosa cha kula. Wivu si mnyama wa hivyo. Uligeuka tu ulipokuwa umeelekea. Sasa alimwonea uchungu Uwanda, akamkasirikia Uwanda: huyu ndiye? Huyu ndiye unayemngurumia? Kwa huyu umenivika kofia? Mchukue basi. Amka naye kesho, umwone anavyokupima kwa hatua.

Wapo wanaosema Ngwali alisema neno lile kwa huruma, na wapo wanaosema kwa hekima. Wanamsingizia mema. Alilisema kwa wivu, tena wivu mbichi, wenye maganda.

"Uwanda," alisema, na uso ameuelekeza dirishani, kule lami ilikong'aa. "Nimekuacha. Huna mume."

Halafu bwalo likalipuka. Wanaume walisimama, wakakumbatiana, wengine walikuwa wameanza kuzungumza juu ya taa za buluu. Faki alikuwa na machozi ya kweli. "Amesema! Hakuombwa, mashahidi mpo, hakuna aliyemwomba! Shemeji yangu, mwanamume wewe, mwanamume!" Akamsukumia Mjumbe kalamu, na Mjumbe akageuza faili penye ukurasa wa kutia sahihi.

"Na eda?"

Aliyesema alikuwa Mize. Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameketi, miguu kaikunja, mikono mapajani.

"Eda gani, dada?" aliuliza Faki, kalamu hewani.

"Mke kaachwa sasa hivi, mbele yetu. Mnamwoza sasa hivi, mbele yetu. Nauliza, eda yake iko wapi?"

Kosa lile la kuisahau eda lisingewezekana mji mwingine. Kwa wale, kuoza na kuacha ni kazi ya wanaume, nao waliihifadhi kwa moyo, kila neno na kila shahidi. Lakini eda ni kazi ya wanawake; ni wao wanaoihesabu, wanaomkalisha mtu ndani, wanaojua lini aoge na lini atoke. Katika miaka yote ya kupanga na kupangua, ya kumtafuta mume wa kati na kumngojea achoke, hakuna mzee hata mmoja aliyekumbuka kwamba mke akiachwa hukaa. Hawakuwahi kuona eda. Walikuwa wakiiona kama mlango uliofungwa tu, wakapita.

Faki aliwatazama wazee wenzake. Wazee waliitazama meza.

"Mvua tatu," alisema Mize. "Asilimwe, asikanyagwe na mwanamume, asitiwe kitu juu wala chini. Na ikionekana ana chochote tumboni alichomwachia mumewe, basi ni mpaka kizaliwe. Ndivyo tulivyokaa sisi. Mama yetu alikaa hivyo, Faki, na wewe ulikuwa unaletewa uji mlangoni, umesahau?"

"Samahani," alisema Mjumbe, anapekua karatasi. "Hiyo eda haimo kwenye mkataba."

"Imo kwenye mke, mwanangu."

"Dada!" Faki alikuwa sasa anasihi. "Mvua tatu! Watakwenda ng'ambo ya mto! Watawapa wale! Unataka kuniona nazikwa?"

"Nenda nao ukawatandikie. Mwanamume mwenye nia husubiri eda. Asiyesubiri, ulikuwa unamwoza kwa nini?"

Mikeka ikaitikia, "Ee!" kwa sauti moja, ile sauti ya chini ambayo si vigelegele na si kilio. Na Mjumbe, ambaye alikuwa amefundishwa mambo mengi ya kujibu, alifunga faili akaangalia viatu vyake.

Ngwali alimsogelea mkewe. "Mize. Umeniokolea—"

"Usinishukuru," alisema Mize, anainuka kwa kushika goti. "Sikukufanyia wewe. Mvua kumi na tisa nimemwonea kijicho yule, nikamwombea ukame, nikamtemea mate. Leo nimemsikia anauzwa mara mbili kwa pumzi moja, na wewe ndiye wa kwanza kumuuza. Nikaona, kumbe ni mwenzangu tu. Sogea, tupite."

Wakapita. Walitoka bwaloni wanawake wote, wazee kwa wasichana, wakarudi majumbani, na kabla adhuhuri haijaisha walikuwa wameshatokea tena na mikeka, sufuria, udi, kanga za akiba, maboga, na bibi mmoja wa miaka tisini amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Wakaingia langoni mwa kambi. Wa mwisho alivuta lango, akalifunga kwa upande wa ndani kwa utepe wa kanga. Ngwali, aliyekuwa amefuata bila kujijua, alijikuta nje ya waya. Kando yake alikuwa Mjumbe, faili kwapani. Wanaume wengine walisimama mbali wakibishana kama ng'ambo ya mto kuna daraja.

Wawili wale walisimama wamezishika nyaya kama watu wanaotazama mpira.

"Ulikuwa naye muda mrefu, mzee wangu?" aliuliza Mjumbe. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilopigwa pasi.

"Mvua kumi na tisa."

Kijana alifungua faili kidogo, akachungulia. "Sisi ishirini na saba," alisema, na ndani ya sauti yake, ya mtoto wa muuza viatu ambaye hajamgusa Uwanda hata kwa kidole, pakaingia kitu kidogo cha majivuno. Ngwali alikisikia, na kilimchoma pale pale panapomchoma siku zote. Akaushika waya kwa nguvu mpaka mwiba ukamtoa damu.

Kule ndani wanawake walikuwa wametandika juu ya lami. Jua la saa tatu na dakika kumi, aliloliona likiwa limekwama kwa mvua kumi na tisa, alilitazama likipanda. Lilipanda taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja tu wanaume watoke, na vivuli vya wanawake vikafupika, vikaingia chini yao. Wakalala mmoja mmoja, ubavu kwa ubavu, hawakuona haya, sikio chini. Mize naye. Ngwali alimwona mkewe akiweka shavu juu ya mtu ambaye alimchukia, akifumba macho, akisikiliza. Na kule kuunguruma, alikokufuata mchana na usiku, kulikomnyima usingizi na kumnyima Mize sikio, kulikatika.

Uwanda alikuwa anasema. Ngwali alijua kwa jinsi wanawake walivyotikisa vichwa, kwa jinsi bibi wa miaka tisini alivyopeleka kiganja mdomoni. Alisema kwa sauti ndogo isiyofika kwenye waya. Alisema mambo mengi. Halafu mmoja akacheka, na mwingine, na Mize, Mize ambaye hakuwa amecheka kwa koo tangu mizigo ile ya saba, akageuka chali akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mize!" aliita Ngwali. Hakuweza kuvumilia. "Mize, we! Mnacheka nini?"

Mkewe aliinua kichwa, anafuta machozi kwa pindo la kanga. Alimwona yule mzee na yule kijana, mikono minne kwenye waya mmoja.

"Anatusimulia habari zenu!" alimjibu.

"Zetu nani? Zangu au zao?"

Mize akalaza sikio tena, akauliza kitu chini, akangoja. Kisha akasema kwa sauti, bila ubaya wowote:

"Anasema hawezi kuwatofautisha."